Kikombe Nilichokitoa Kwenye Begi Lako

Overport, Durban
Jumamosi jioni

Mwanangu Fabrice,

Umekwenda mjini kuwaaga wenzako na umesema nisikusubiri kwa chakula. Basi meza yote ni yangu leo, nimeikalia kama nilivyokuwa nikiikalia kusahihisha madaftari. Mambo ya sweta, dawa ya malaria na namba za kupiga ukikwama uwanja wa ndege nimeyasema wiki nzima, mpaka ukaanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho wa sentensi. Sitayarudia. Nataka kusema lile ambalo kila nikilianza kwa mdomo linageuka kuwa ubishi. Wewe unapandisha sauti, mimi nanyamaza, na chai inapoa.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kirundi unakisema vizuri, lakini kukisoma unakisoma kama mtu anayepita juu ya kokoto bila viatu. Kiswahili ndicho ulichokulia, kwanza Kigoma kambini nilikofundisha, kisha hapa, sakafuni mwa saluni ya Mama Neema, kati ya nywele zilizoanguka na wanawake wa Kikongo wasiochoka kucheka.

Kuna kikombe. Unakijua: cha bati, cheupe, ukingo wa bluu, rangi imebanduka upande wa mkono. Leo asubuhi ulipokuwa bafuni nilikizungushia sweta lako la kijivu nikakisukuma chini kabisa ya begi. Baada ya chakula cha mchana nimekitoa. Kiko hapa mbele yangu. Nataka ujue kwa nini nilikiweka na kwa nini nimekitoa.

Bibi yako, mama yangu, alikuwa mfinyanzi kama mama yake. Udongo ulitoka bondeni, chini ya kilima chetu, mahali maji yanapotuama. Wanawake wa kwetu waliuchimba, wakaubeba kichwani, wakaukanda, na nyumba nzima ikanukia mvua hata wakati wa kiangazi. Vyungu vyake vilienea kilima kizima, maana kwetu kilima ndicho kijiji. Hapakuwa na harusi wala msiba ambapo bia ya mtama haikunywewa kwenye chungu kilichotoka mikononi mwake. Wakubwa walikizunguka wakapokezana mirija, huyu akivuta na kumpa yule, maana kwetu kunywa pamoja ndiko kusema kwamba sisi ni watu wamoja. Bibi yako alisimama uani. Sisi ni Watwa, na Mtwa hakupewa mrija. Akipewa kinywaji, alimiminiwa kwenye kibuyu alichokuja nacho mwenyewe, na aliyemimina aliinua mkono juu ili chombo kisiguse chombo. Nilikuwa mtoto, sikuona kama ni tusi. Nilidhani tu kwamba sisi ni watu wa kwenda na vyombo vyetu.

Masista wa misheni walikuwa wakichukua vyungu kwa mama, na ndiyo njia niliyoingilia shule. Pale shuleni palikuwa na pipa la maji na kata moja ya kunywea. Siku ya kwanza niliposhika ile kata, wenzangu hawakunywa tena mpaka tulipoachiwa kwenda nyumbani. Sista aliyetufundisha hesabu hakumgombeza mtu. Kesho yake aliniita kando akanipa kikombe hiki. "Hiki ni chako peke yako," alisema, "hakuna atakayekusumbua." Aliona ananitendea wema, na ulikuwa wema kweli. Watoto wengine wa kwetu tulioanza pamoja waliacha, huyu kwa njaa, yule kwa kupigwa, mwingine kwa kiu tu, kiu ya maji, katikati ya mchana. Mimi nilibaki. Nilikunywa kwenye kikombe changu mpaka nikawa mwalimu.

Nilikwenda nacho kwenye ndoa. Baba yako, naye mtu wa kwetu, alikuwa akinitania kwamba ameoa wanawake wawili, mimi na kikombe. Alipouawa vitani wewe ulikuwa bado mgongoni kwangu, na tulipokimbia nilibeba wewe, cheti changu cha ualimu, na kikombe. Hukuwahi kuniuliza kwa nini. Mtoto huona kilichopo akadhani ndivyo dunia ilivyo, kama nilivyodhani mimi.

Sasa ile harusi. Ulikuwa darasa la tatu. Vijana wawili wa Kirundi walioana, na sherehe ikawa kwenye ukumbi wa kanisa, hatua chache tu kutoka hapa. Kumbuka kwamba hapa Durban hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni nani. Kwa dereva wa teksi mimi ni mgeni. Kwa Mama Neema mimi ni Mrundi. Hata Warundi wenyewe walinijua kama mwalimu tu, mama Fabrice, anayesuka vizuri. Ningeweza kuishi hivyo mpaka kufa. Wazee walikuwa wamepika bia ya mtama kama ya nyumbani, na Mzee Sylvestre, yule mwenye duka la simu mjini ambaye Warundi wote humwamkia kwanza, ndiye aliyesimamia chungu. Akaninyoshea mrija mbele ya watu.

"Mama Fabrice, ni zamu yako. Njoo uwatakie maharusi heri."

Mkono wangu ulikwenda kwenye mkoba. Sikuutuma. Ulikwenda wenyewe, ukarudi na kikombe.

"Nimiminie humu, mzee."

Mama Neema, aliyekuwa ubavuni kwangu, aliangua kicheko. "Eish, Mama Fabrice, ile kikombe ya nini? Vikombe iko mingi hapa, hata ya kutupa iko!"

Mzee Sylvestre hakucheka. Yeye alizaliwa kwenye kilima kama changu. Alinitazama, akakitazama kikombe, nikaona amejua kwamba mimi ni Mtwa. Akachota kwa bakuli akanimiminia, na mkono wake akauinua juu. Juu kabisa.

Wewe uliona. Tulipokuwa tunarudi nyumbani ukaniuliza, "Mama, mbona wewe hunywi kwa mrija kama wengine?"

"Nina mafua, mwanangu. Sitaki kuwaambukiza watu."

Ukaliamini hilo kwa miaka. Kila tulipoalikwa mahali ulinitangulia mlangoni ukiwatangazia watu, kwa uso wa daktari, kwamba mama yako ana mafua. Mama Neema aliwahi kuninunulia tangawizi nyingi ya kutosha kumtibu ng'ombe. Nilicheka nao. Usiku ule wa harusi, na mingine mingi baadaye, nilimkasirikia Mzee Sylvestre kwa ule mkono. Ilinichukua muda mrefu mno kujiuliza ni nani aliyempa kikombe cha kumiminia. Yeye alikuwa ameninyoshea mrija.

Ulikuwa sekondari mwaka ule katiba mpya ilipopigiwa kura nyumbani. Nilikuwa namsuka mteja mjomba wako Laurent alipopiga simu.

"Dada, tumeandikwa."

"Tumeandikwa wapi?"

"Kwenye katiba. Kwa jina letu. Watwa watatu bungeni, watatu seneti. Hata tusipochaguliwa na mtu, lazima wawepo."

Nilikaa kwenye kiti cha mteja mwingine. Mama Neema akaja mbio na kitana mkononi, "Iko matanga? Nani amekufa?" Nilikuwa nacheka na kulia. Niruhusu nieleze, ingawa wewe ndiye mwanasheria na utaniambia unajua. Wewe umesomea nchi ambayo katiba yake inanukuliwa hata na wauza mahindi. Mimi nilifundisha uraia kwa kitabu kilichotutaja mara moja tu, chini ya picha ya chungu. Kila mwaka nilifika kwenye ukurasa ule mbele ya darasa, nikausoma kwa sauti ileile ya kurasa nyingine, nikafunua unaofuata. Halafu mtu ananipigia simu kuniambia kwamba sheria iliyo juu ya sheria zote imetutaja, na haikututaja chini ya chungu.

Laurent alikuwa hajamaliza. "Na bonde wamelichukua, dada," alisema. "Wanalima mpunga. Udongo hatuchimbi tena."

Nilimsikia kama unavyosikia redio ya jirani. "Sawa, sawa," nikamjibu. "Lakini tumeandikwa."

Hilo ndilo kosa langu ninalotaka ulichukue, kama kuna la kuchukua. Alisema sentensi mbili kwa pumzi moja, mimi nikapokea ya kwanza. Nimekusimulia simu ile mara nyingi, na kila mara niliikatia palepale palipokuwa patamu. Ya pili ukaisikia kutoka kwa mjomba wako mwenyewe, ulipoanza kumpigia kwa ajili ya utafiti wako wa mwaka wa mwisho. Ukatoka Glenwood, ulikopanga chumba, mpaka hapa kwa miguu, jua la mchana, na hukunisalimia.

"Mama, tuna watu watatu bungeni, na kilimani kwetu hakuna mwenye ardhi ya kuzikia mtu. Mjomba analima shamba la mwingine. Watoto wake wameacha shule. Hii katiba yako wanaila na nini?"

Nikasema haki huanza kwa kutambuliwa. Ukachukua karatasi yangu ya ukimbizi, ukaweka kidole kwenye nembo ya taifa iliyo juu yake. "Soma haya maneno hapa chini."

"Siwezi."

"Ni lugha ya Wasan, watu waliokuwepo hapa kabla ya wote. Serikali imeiweka kwenye nembo, iko mahali pote. Wenye lugha hiyo wamekwisha, hakuna anayeizungumza. Huko ndiko kuandikwa, Mama."

Nikageuka kuchukua birika, maana lilikuwa neno zuri na sikutaka ulione usoni mwangu. Kisha nikakuuliza, "Ukienda kudai bonde, mwenye mpunga akikuuliza ninyi ni nani, utamwonyesha nini?"

"Eish, Mama. Hukubali kushindwa."

"Mwalimu hashindwi. Anaahirisha somo."

Tukacheka siku ile. Hatukucheka sana baadaye.

Mwezi uliopita tukakuandalia sherehe ya shahada, katika ukumbi uleule, na chungu kikawepo. Mzee Sylvestre sasa anatembelea fimbo, lakini chungu hakumwachia mtu. Wote walikwisha sikia kwamba unarudi nyumbani kufanya kazi na chama cha Watwa wanaodai ardhi, na kwamba wazee wa chama wanataka jina lako lipelekwe kwa ajili ya kiti kimoja kati ya vile vitatu vya Watwa bungeni baada ya uchaguzi wa mwaka kesho. Akakuita mbele ya watu, "Mheshimiwa! Njoo utufungulie kikao. Na barabara yetu utatuletea lini?" Watu wakacheka, wengine kwa upendo, wengine kwa namna niliyoijua.

Ukaenda. Ukavuta, ukainua uso, ukampa yeye mrija uleule. "Zamu yako, babu."

Wewe hukujua ulichofanya. Katika ukumbi ule tulikuwa labda watu watano tuliojua maana yake, wote wenye mvi. Mzee Sylvestre aliushika mrija akautazama. Mimi nilikuwa nyuma, mkono ndani ya mkoba, nimekishika kikombe kama mtu anayeshika reli ya ngazi. Nilikuwa nasema moyoni, asiufute, Mungu wangu, asiufute. Hakuufuta. Aliinama akanywa, akakohoa, akasema, "Mtama wa huku hauna nguvu." Basi. Akampa anayefuata.

Ndipo nikakueleza kesho yake habari za kikombe, sista, na mafua yangu. Nilitegemea ungecheka kuhusu mafua. Ulikigeuzageuza kikombe mkononi mpaka nikaenda jikoni nikarudi. Halafu ukasema, taratibu, "Basi vile viti vitatu ni kikombe chako, Mama. Wamewapa chenu ili msiguse chao." Ukaniambia umekwisha mwambia mjomba Laurent: utafanya kazi ya bonde, lakini siku wazee watakapolitaja jina lako kwa ajili ya kiti, utakikataa palepale, mbele ya kilima kizima.

Nimetembea na maneno hayo mwezi mzima. Nimesuka nayo, nimepanda nayo teksi. Yana ukweli mwingi kuliko yote uliyowahi kuniambia, na ndiyo maana siwezi kuyaacha yaende nawe peke yake.

Ni kweli, kile kilikuwa kikombe cha kunitenga. Lakini kiu nayo ilikuwa kweli. Kama ningemwambia sista kwamba sitaki cha peke yangu, nataka kata ya wote, ningekuwa na heshima kubwa na ningerudi kilimani siku ileile. Nisingesoma, na wewe usingekuwa na shahada ya kunibishia. Kunywea kile kikombe hakukuwa kosa. Kosa langu ni kwamba niliendelea kukibeba mahali ambapo mrija ulikuwa umekwisha nyoshwa, na sikuona tofauti. Siku ya kukipokea niliijua. Siku ya kukiweka chini ilinipita ukumbini, watu wakiimba.

Kwa hiyo sikuombi ukubali kiti. Nakuomba usikikatae ukiwa bado Durban. Jibu ulilompa Laurent umelitunga Glenwood, kwenye chumba cha kupanga, chenye maji ya bomba. Fika kwanza. Kaa uani kwa mjomba wako mpaka wakuzoee, mpaka waache kukuletea kiti cha mgeni. Usiwaulize wanawake maoni yao kuhusu katiba. Watakujibu wanachodhani unapenda kusikia. Waulize siku hizi wanachimba wapi udongo. Waulize, mkuu wa tarafa anapokuja, nani huitwa na nani huachwa njiani. Huenda wakakuambia viti vile havijawahi kuwafikishia hata kibakuli cha mchele wa bonde lao. Basi vikatae, na mimi nitawaambia wote saluni kwamba mwanangu alikuwa sahihi. Huenda pia mama mmoja akakuambia kwamba tangu tuandikwe, karani wa tarafa humwita kwa jina lake. Utaliona ni jambo dogo. Mimi niliyesoma ule ukurasa wa chungu kila mwaka nakuambia si dogo. Sikiliza sentensi zote mbili, mwanangu. Mimi nilichukua moja, wewe umechukua nyingine, na Laurent bado anasubiri mtu atakayemsikia mpaka mwisho.

Sasa hili la mwisho, nalo ni gumu. Umerudisha karatasi yako ya ukimbizi. Anayerudi kwao hapewi tena kirahisi, na mimi nikikufuata nitapoteza yangu. Uwanja wa ndege kesho tutaagana kama watu wanaoonana wiki ijayo, kwa sababu ndivyo tulivyo, na Mama Neema atalia kwa niaba yetu sote. Lakini tunajua. Unakwenda mahali ninapopaota kuliko mahali pote, na unapopajua kwa simu tu. Wakati mwingine nikimwagia maji chungu cha maua hapa dirishani, udongo ukapata maji ya kwanza, lazima niketi. Ni harufu ileile. Haidumu, inapotea kabla sijaivuta vizuri.

Usiniletee kitu, usitume kitu. Kama kuna mahali popote pale chini ambapo hawajapanda mpunga, ingiza mkono tu udongoni, kisha unipigie uniambie ulikuwa wa baridi kiasi gani.

Ng'ambo ya kijito, mbele ya nyumba ya Laurent, wanakaa watoto wa yule aliyekuwa akimmiminia bibi yako. Laurent anasema ni watu wema. Watakualika, maana wewe ni msomi kutoka Afrika Kusini, na watataka kukuona. Kutakuwa na chungu, au siku hizi pengine ndoo ya plastiki. Utakaa. Mirija itazunguka. Sijui itakapofika kwako itafanya nini. Hilo ndilo ningetoa chochote kuliona kwa macho yangu. Labda watakupa. Labda mmoja wao atanyanyuka, kwa adabu nyingi, akakuuliza kama umekuja na chombo chako.

Asubuhi nilikiweka kikombe begini kwa sababu ya swali hilo. Niliogopa wakuulize ukose. Kisha nikakumbuka mkono wako ukumbini, ulivyokwenda moja kwa moja kwenye mrija bila kusita, mkono ambao haujui kitu. Uongo wangu wa mafua, kwa bahati, ndio uliokulelea mkono huo. Nikafungua begi.

Wakikuuliza, watazame usoni kwa upole, na ukae hapohapo ulipo, unyoshe mkono. Wewe huna mafua, mwanangu.

Mama yako,
Consolata